Spishi au Aina? Historia ya Mpaka Mmoja katika Elimu ya Viumbe na Mafunzo Yake kwa Taaluma za Kiswahili

1.0 Utangulizi

Kando ya visiwa vyenye mawe katika sehemu ya kusini ya Ziwa Victoria huishi samaki wadogo ambao wavuvi huwaita kwa jina moja tu: furu. Mwaka 1985 Els Witte-Maas na Frans Witte, wataalamu wa samaki kutoka Uholanzi, walichapisha maelezo ya furu mmoja ambaye dume wake ana mgongo mwekundu na ubavu wa manjano. Jina la kisayansi walilompa, nyererei, lilikuwa kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Mwaka 1998 ndugu wa karibu wa samaki huyo, ambaye dume wake ni wa kijivu mwenye mapezi ya buluu na mistari myeusi ubavuni, alipewa jina pundamilia, na jenasi yao ikaitwa Pundamilia. Kwa hiyo katika daftari la dunia la viumbe kuna samaki wawili, Pundamilia nyererei na Pundamilia pundamilia, ambao majina yao yametokana na historia na msamiati wa Waswahili.

Majike ya samaki hao wawili yanafanana mno. Wakiwekwa pamoja katika tangi, jike wa upande mmoja asipopata dume wa kwao, huzaa na dume wa upande wa pili, na watoto wanaopatikana huwa wazima na wenye uwezo wa kuzaa. Ni kwa haki gani basi samaki hao wakaandikwa kuwa spishi mbili, na si aina mbili za samaki mmoja?

Mhadhara huu unachunguza historia ya swali hilo: namna wataalamu wa maumbile, tangu karne ya 17 hadi leo, walivyojaribu kuchora mpaka kati ya spishi na aina zilizomo ndani ya spishi moja. Hoja kuu ni kwamba mpaka huo hautokani na ukubwa wa tofauti zinazoonekana kwa macho, bali unatokana na nguvu zinazoitenga nasaba moja na nyingine. Nguvu hizo zina historia, na kilichotengwa kinaweza kuunganika tena. Hoja ya pili ni kwamba uamuzi wa kukiita kitu spishi au aina una matokeo makubwa, kwa kuwa mara nyingi ndio unaoamua ni kitu gani kitahesabiwa, kitatafitiwa na kulindwa. Mwishoni mhadhara unatazama kwa tahadhari mpaka unaofanana na huo katika isimu, yaani mpaka kati ya lugha na lahaja.

2.0 Neno aina na mzigo wake

Katika Kiswahili cha kila siku neno aina hubeba kazi nyingi. Husemwa kwamba simba na chui ni aina za wanyama. Husemwa pia kwamba dodo na bolibo ni aina za maembe. Kisarufi kauli hizo mbili zinalingana. Kibiolojia hazilingani hata kidogo. Simba na chui ni spishi mbili zilizotengana kwa muda mrefu, ilhali dodo na bolibo ni matunda ya spishi moja, Mangifera indica, yaliyopata sura na ladha zake kwa mkono wa wakulima waliochagua miti waliyoipenda na kuiendeleza. Neno moja linataja daraja mbili tofauti, na msikilizaji hutegemea muktadha kuzitenganisha.

Majina ya viumbe nayo yana mienendo yake. Tembo na ndovu ni majina mawili ya mnyama mmoja machoni pa msemaji, ingawa, kama itakavyoonekana, wanabiolojia wanawatambua tembo wawili barani Afrika. Nyumbu ni jina la mnyama wa porini anayehama kwa makundi katika mbuga za Serengeti na Mara, na pia ni jina la baghala, mtoto wa punda na farasi. Furu ni jina moja lililofunika mamia ya spishi.

Si sawa, hata hivyo, kudhani kwamba majina ya wenyeji ni ya kubahatisha. Ernst Mayr, mtaalamu wa ndege aliyefanya utafiti katika milima ya New Guinea mwishoni mwa miaka ya 1920, aliona kwamba wenyeji wa huko walikuwa na majina 136 kwa ndege ambao yeye aliwahesabu kuwa spishi 137. Walichanganya spishi mbili tu, za ndege wadogo wasio na alama za wazi. Watu wasiosoma kitabu kimoja na msomi wa makumbusho walifikia karibu hesabu ile ile. Jambo hilo linaonyesha kwamba spishi, walau katika mahali pamoja na wakati mmoja, si kitu kilichobuniwa na wasomi.

Tofauti kati ya furu na ndege wa New Guinea inaweza kuelezwa. Lugha hutoa majina kwa wingi pale maisha yanapoyadai. Mkulima wa migomba hutenganisha mzuzu, kisukari na mkono wa tembo kwa sababu kila mmoja una mapishi yake na soko lake. Furu, samaki mdogo mwenye miiba mingi, hakuwa na sababu kama hiyo ya kupewa majina 500. Istilahi spishi, pamoja na nususpishi kwa daraja iliyo chini yake, ziliingizwa katika Kiswahili cha taaluma kujaza pengo hilo. Zinastahili kutumiwa kwa makini, nalo neno aina liachwe kwa matumizi ya jumla na kwa tofauti zilizomo ndani ya spishi moja.

3.0 Mbegu na uzao: kutoka Ray hadi Buffon

Mtu wa kwanza kutoa kigezo cha wazi cha spishi katika elimu ya mimea alikuwa Mwingereza John Ray, katika juzuu ya kwanza ya kitabu chake Historia Plantarum, iliyotoka mwaka 1686. Ray alikabiliwa na tatizo la kila mkusanyaji wa mimea: maua ya mche mmoja yanaweza kuwa meupe hapa na mekundu kule, je, hiyo ni mimea miwili? Jibu lake lilikuwa kwamba hakuna kipimo kilicho imara zaidi ya mbegu. Tofauti zozote zinazotokea miongoni mwa mimea iliyoota kutokana na mbegu za mmea mmoja ni za kupita. Hazitoshi kuifanya kuwa spishi mbalimbali. Hapo kigezo kilihama kutoka kwenye sura kwenda kwenye uzao.

Carl Linnaeus wa Uswidi aliyapanga majina. Katika Species Plantarum ya mwaka 1753, na katika toleo la 10 la Systema Naturae la mwaka 1758, kila kiumbe kilipewa jina la maneno mawili, la jenasi na la spishi. Kwa Linnaeus spishi ziliumbwa tangu mwanzo, na aina zilikuwa mabadiliko madogo yaliyoletwa na udongo, joto, baridi au upepo, ambayo mtaalamu makini hakupaswa kuyashughulikia sana. Lakini mimea yenyewe haikumwachia utulivu. Mwaka 1744 aliandika juu ya ua alilolipa jina Peloria: mmea uliofanana kwa kila kitu na mmea mmoja wa kawaida wa Uswidi, isipokuwa umbo la ua lilikuwa jingine kabisa. Kwa kanuni zake mwenyewe, zilizotegemea viungo vya ua, ulipaswa kuwekwa mbali. Kwa asili yake ulikuwa ndugu wa damu. Baadaye Linnaeus alikubali kwamba spishi mpya zingeweza kutokea kwa kuchanganyika kwa mimea.

Nchini Ufaransa, Buffon alilishughulikia suala hilo kwa upande wa wanyama. Katika juzuu ya mwaka 1753 ya Histoire naturelle, chini ya maelezo ya punda, alijiuliza kwa nini punda na farasi, wanaofanana sana, ni spishi mbili, ilhali mbwa mdogo wa nyumbani na mbwa mkubwa wa kuwinda, wasiofanana kabisa, ni spishi moja. Jibu lilikuwa kwa baghala. Punda na farasi huzaa, lakini mtoto wao kwa kawaida ni tasa, hivyo mfuatano wa vizazi hukatika. Mbwa wa kila namna huzaa watoto wanaozaa. Kwa Buffon, spishi ilikuwa mfuatano usiokatika wa viumbe wanaoweza kuzaliana.

Mpaka kufikia hapo vigezo viwili vilikuwa mezani: mbegu ya Ray na baghala wa Buffon. Vyote viwili vilitoa mamlaka kwa nasaba badala ya sura. Hata hivyo, mwanajumba la makumbusho aliyekuwa na ngozi kavu za ndege au majani yaliyobanwa kwenye karatasi hakuweza kuzipandisha ili aone zitazaa nini. Kwa vitendo aliendelea kuamua kwa macho.

4.0 Darwin, Wallace na mpaka unaosogea

Udhaifu wa macho ulidhihirika wazi katika karne ya 19. Katika kitabu chake juu ya asili ya spishi cha mwaka 1859, Charles Darwin alionyesha kwamba wataalamu wawili wakubwa wa mimea ya Uingereza, Babington na Bentham, walipoorodhesha baadhi ya jenasi zile zile za nchi ile ile, mmoja alihesabu spishi 251 na mwenzake 112. Mimea 139 ilikuwa spishi kwa mmoja na aina tu kwa mwingine. Hakuna aliyekuwa mzembe kati yao. Walitofautiana katika kupima uzito wa tofauti.

Darwin mwenyewe alikuwa amekutana na tatizo hilo mapema. Mwaka 1835, katika visiwa vya Galápagos, alikusanya ndege waigao sauti za wengine, akaona kwamba waliotoka visiwa tofauti hawakufanana kabisa. Alidhani huenda walikuwa aina tu. Mwaka 1837, huko London, mtaalamu wa ndege John Gould aliwachunguza akatamka kwamba walikuwa spishi tatu. Ikiwa ndege wa asili moja waliofika visiwani wanaweza kutofautiana hadi kuwa spishi, basi ukuta uliodhaniwa kuwa wa tangu mwanzo ni mlango tu.

Kwa muda wa miaka minane, kuanzia 1846, Darwin alichunguza wanyama wadogo wa baharini wanaong'ang'ania miamba na ngalawa, akapata taabu kuamua wapi spishi moja inaishia na nyingine inaanzia. Pia alifuga njiwa na kujiunga na vyama vya wafugaji wao. Aliona kwamba mtu angeweza kuchagua walau njiwa 20 wa kufugwa ambao mtaalamu wa ndege, kama angeambiwa ni wa porini, angewaandika kuwa spishi mbalimbali. Na wote wametokana na njiwa mmoja wa majabali. Mwenzake Alfred Russel Wallace alifikia hitimisho la karibu sana akiwa katika visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki, na maandishi yao yalisomwa pamoja London tarehe 1 Julai 1858. Kichwa cha makala ya Wallace kilihusu hasa tabia ya aina kuachana bila kikomo na asili yake.

Fundisho lao laweza kuelezwa kwa ufupi: aina ni spishi inayoanza, na spishi ni aina iliyokomaa. Kati ya mbili hizo hakuna shimo bali mteremko. Kauli hiyo ilieleza kwa nini Babington na Bentham hawakuafikiana, kwa maana walikuwa wakitazama mteremko huo mmoja mahali tofauti. Lakini iliacha swali gumu. Ikiwa mpaka ni mteremko, je, kuna mpaka wowote? Darwin alielekea kuliona neno spishi kuwa la kurahisisha mawasiliano. Wengi waliomfuata hawakuridhika.

5.0 Karne ya 20: mbu wasiotofautiana na samaki wanaochanganyika

Jibu lililotawala sehemu kubwa ya karne ya 20 lilitolewa na yule yule Mayr wa ndege wa New Guinea, katika kitabu chake cha mwaka 1942. Spishi, kwa maelezo yake, ni makundi ya viumbe wanaozaliana katika maumbile, au wanaoweza kuzaliana, na ambayo yametengwa kiuzazi na makundi mengine. Mkazo uko kwenye neno maumbile. Kinachoulizwa si kama viumbe wawili wanaweza kulazimishwa kuzaa ndani ya kizimba, bali kama wanapokutana kwa hiari huchanganya nasaba zao. Nususpishi, kwa mtazamo huo, ni wakazi wa eneo fulani wanaotambulika kwa sura, lakini ambao huchanganyika na majirani zao kwenye mipaka.

Mifano miwili ya Afrika Mashariki inaonyesha nguvu na mipaka ya kigezo hicho. Wa kwanza ni mbu wa malaria. Kwa muda mrefu Anopheles gambiae alihesabiwa kuwa spishi moja yenye tabia za kigeugeu: hapa anauma watu ndani ya nyumba, pale anauma ng'ombe nje, hapa anazaliana katika vidimbwi vya mvua, kule pwani katika maji ya chumvichumvi. Miaka ya 1960 majaribio ya kuwapandisha mbu wa maeneo mbalimbali yalitoa madume tasa. Baghala wa Buffon alikuwa amejitokeza tena, safari hii akiwa na mbawa. Ilidhihirika kwamba jina moja lilificha kundi la spishi pacha zisizotofautishwa kwa macho. Miongoni mwake ni gambiae halisi, apendaye damu ya binadamu na kupumzika ndani. Arabiensis, aumaye pia mifugo na mara nyingi nje. Na merus wa maji ya chumvichumvi ya pwani. Baada ya vyandarua vyenye dawa kuenea, maeneo kadhaa ya Kenya na Tanzania yalishuhudia gambiae halisi akipungua na arabiensis akichukua nafasi kubwa zaidi. Anayepanga vita dhidi ya malaria huku akiamini kwamba mbu ni mmoja atashindwa kuelewa kwa nini silaha ile ile inafaa hapa na haitoshi kule.

Mfano wa pili ni furu, na hapo tunarudi kwenye swali la utangulizi. Ziwa Victoria lilikauka na kujaa tena takribani miaka 15,000 iliyopita, na furu wake zaidi ya spishi 500 walitengana kwa kasi isiyo ya kawaida. Muda huo mfupi haukutosha kuwafanya wawe tasa wanapopandana. Kinachomtenga nyererei na pundamilia ni uchaguzi wa jike: huchagua dume kwa rangi. Katika majaribio yaliyofanywa na Ole Seehausen na wenzake na kuchapishwa mwaka 1997, majike walipowekwa chini ya mwanga wa kawaida walichagua madume wa kwao. Mwanga ulipobadilishwa ili wekundu na buluu visitofautike, uchaguzi huo ulipotea. Ziwani jambo hilo hilo limefanyika bila maabara. Penye maji maangavu spishi hizi mbili huishi jirani bila kuchanganyika. Penye maji yaliyotiwa ukungu na udongo uliomomonyoka, mbolea na taka za mijini, rangi hufifia na samaki wa kati na kati huonekana.

Kwa hiyo jibu ni hili: katika maji maangavu hao ni spishi mbili, katika maji machafu wanaelekea kuwa aina mbili za samaki mmoja. Mpaka wao ni wa kweli, lakini unashikiliwa na mwanga unaopita majini. Sangara, aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 na kuongezeka sana miaka ya 1980, aliwala furu wengi, na watafiti wamekadiria kwamba spishi zipatazo 200 zilitoweka. Hilo lilionekana na kuzungumzwa. Upotevu wa pili, wa spishi kuyeyukiana bila mzoga hata mmoja kuelea, hauonekani kwa urahisi.

6.0 Jina linapoamua hatima

Tangu miaka ya 1980 wanabiolojia wamependekeza fasili nyingine nyingi za spishi, na orodha zao hupita 20. Baadhi huweka mkazo kwenye historia ya nasaba inayosomeka katika vinasaba badala ya uwezo wa kuzaliana. Mjadala huo ungeonekana kuwa wa wasomi peke yao kama usingegusa wanyama wanaofahamika sana.

Twiga aliandikwa na Linnaeus mwaka 1758 chini ya jenasi ya kulungu. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 wataalamu waliwagawa twiga kwa mabaka yao, na kwa muda mrefu wote walihesabiwa kuwa nususpishi za spishi moja. Sababu ilikuwa na nguvu: katika bustani za wanyama twiga wa mabaka tofauti huzaa pamoja. Lakini Kenya ina twiga wa namna tatu wanaoishi bila ukuta wowote mkubwa kati yao, na porini kuchanganyika kwao ni nadra. Uchunguzi wa vinasaba vya twiga 190, uliochapishwa mwaka 2016, ulipendekeza spishi nne. Mwaka 2025 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile, IUCN, lilikubali rasmi spishi nne: twiga wa kaskazini, twiga wa mabaka ya wavu, twiga wa Kimasai na twiga wa kusini.

Uzito wa uamuzi huo unaeleweka kwa hesabu. Mwaka 2016 twiga wote kwa pamoja waliorodheshwa kuwa katika hali ya mashaka, baada ya idadi yao kupungua kwa asilimia 36 hadi 40 kati ya 1985 na 2015. Lakini wastani huficha mengi. Twiga wa kusini walikuwa wakiongezeka katika baadhi ya nchi, na wingi wao ulifunika upungufu wa wenzao wa kaskazini. Pale tu nususpishi zilipopimwa kila moja peke yake ndipo ilipoonekana kwamba baadhi ya twiga wa kaskazini wako ukingoni mwa kutoweka.

Hali ya tembo ni hiyo hiyo. Tembo wa msituni alipewa jina cyclotis mwaka 1900, lakini kwa miongo mingi alichukuliwa kuwa aina tu ya tembo wa nyika. Ushahidi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2001 uliwatenga, na mwaka 2021 IUCN iliwapima kila mmoja kivyake kwa mara ya kwanza. Tembo wa msituni alikuwa amepungua kwa zaidi ya asilimia 86 katika miaka 31. Wa nyika kwa asilimia 60 walau katika miaka 50. Huko Kibale nchini Uganda wawili hao huchanganyika, na mahuluti wao wapo. Kwa kigezo kikali cha Mayr ushahidi huo ungeleta ubishi. Kwa kigezo cha nasaba, ukanda mwembamba wa mahuluti haufuti utengano wa muda mrefu. Wataalamu waliamua kwa kupima ushahidi wote pamoja. Ndivyo ilivyo kazi hii: hakuna kigezo kimoja kinachofungua kila mlango.

7.0 Lugha, lahaja na hatari ya mlinganisho

Wanaisimu waliuona mlinganisho huu mapema. Darwin alitumia nasaba za lugha kueleza namna viumbe wanavyostahili kuainishwa, na mwaka 1863 August Schleicher aliandika kitabu kidogo akiulinganisha uhusiano wa lugha na lahaja na ule wa spishi na aina. Katika historia ya Kiswahili mtu mmoja aliishi katika taaluma zote mbili: padri Charles Sacleux, aliyekusanya mimea ya Afrika Mashariki hata jenasi moja ikaitwa Sacleuxia, ndiye aliyechapisha sarufi ya lahaja za Kiswahili mwaka 1909 na kamusi kubwa iliyoanza kutoka mwaka 1939.

Mlinganisho una faida moja kubwa. Wanafunzi wengi huandika kwamba Kiamu, Kimvita au Kipemba ni mikengeuko kutoka Kiswahili sanifu. Hilo ni kosa la kihistoria. Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa usanifishaji mwaka 1928. Lahaja nyingine zilikuwapo kabla ya hapo, na ni ndugu zake, si watoto wake. Katika elimu ya viumbe kila jina la spishi hufungwa kwenye sampuli moja iliyohifadhiwa makumbushoni. Sampuli hiyo hubeba jina tu. Haidaiwi kuwa bora wala kuwa mzazi wa wengine. Kiswahili sanifu kinafaa kutazamwa kwa jicho hilo.

Faida ya pili ni katika mifano ya mpakani. Kikomoro kiliwahi kuhesabiwa miongoni mwa lahaja za Kiswahili. Uchunguzi wa kihistoria wa Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, uliochapishwa mwaka 1993, uliimarisha msimamo kwamba hicho ni tawi lake pekee katika kundi la Kisabaki, pamoja na Kiswahili, Kimijikenda, Kipokomo na Kiilwana. Kufanana kwa msamiati kulikuwa kumefunika nasaba, kama sura za mbu zilivyofunika utengano wao.

Lakini mlinganisho una mwisho wake. Kiumbe hurithi kwa wazazi wake tu; msemaji hujifunza kwa mama, jirani, mwalimu na redio. Mtu mmoja anaweza kumiliki lahaja tatu na lugha nne, jambo ambalo hakuna twiga awezaye kulifanya kwa mabaka yake. Aidha, wasemaji wana rai juu ya lugha yao, na rai hiyo ni sehemu ya ukweli wenyewe. Twiga hakuulizwa anajiona kuwa spishi gani. Mkomoro ana haki ya kuulizwa.

8.0 Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa inaanzia kwenye mbegu za Ray na kufikia vinasaba vya twiga, nayo imethibitisha mambo matatu. Kwanza, kufanana na kutofautiana kwa sura si ushahidi wa kutosha. Njiwa wa kufugwa hutofautiana sana nao ni spishi moja. Mbu wa malaria hawatofautiani kwa macho nao ni kadhaa. Pili, mpaka kati ya spishi na aina ni wa kweli bila kuwa wa milele. Hujengwa na nguvu zinazotenga, na hubomoka nguvu hizo zikiondoka. Tatu, jina si lebo tu. Lililowekwa juu mno au chini mno hupotosha hesabu, na hesabu iliyopotoka huua kimya kimya.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili kuna kazi mbili zinazotokana na haya. Ya kwanza ni ya istilahi: waandishi na wafasiri wa sayansi watofautishe spishi, nususpishi na aina kila mara, hasa katika vitabu vya shule na katika habari za uhifadhi, ambamo sentensi moja yenye neno aina inaweza kumwacha msomaji asijue ni nini kinachotoweka. Ya pili ni ya utafiti. Furu wanafundisha kwamba utajiri unaweza kupotea bila kifo, kwa kuchanganyika tu mwanga unapofifia. Lahaja nayo hupotea wakati wasemaji wake wangali hai, watoto wao wakisema Kiswahili kizuri cha shuleni na redioni kisicho na alama ya kwao. Hakuna anayestahili kulaumiwa kwa kujifunza Kiswahili sanifu, lugha iliyounganisha mataifa. Linalohitajika ni kwamba lahaja zirekodiwe, zichambuliwe na kuheshimiwa zikiwa bado zinasemwa, na zisingoje kwanza mtu athibitishe kuwa ni lugha ndipo zionekane zina thamani.